Watunza nyaraka hawaogopi kompyuta

Mhariri,

Watunza nyaraka tunalaumiwa kwamba tunaogopa kompyuta. Si haki. Katika jumba la makumbusho nilikofanya kazi miaka 11, tuliletewa programu ya kuorodhesha vitu. Mafunzo siku 2, mfadhili akaondoka. Leseni ya kuitumia ilipokwisha, programu haikufunguka tena, na kazi yetu ya miezi 8 ikapotea nayo. Daftari la wino, pembe zake zimeliwa na mchwa, linasomeka hadi leo.

Tena programu ile haikupokea herufi za Kiarabu, ilhali tenzi na barua za kale za Kiswahili zimeandikwa kwa herufi hizo! Mzee wetu anayezisoma alipouliza, aliambiwa aache nafasi wazi.

Mnaotuletea programu, tushirikisheni kabla ya kuzinunua, na mtenge fedha za leseni ya miaka inayofuata.

Mtunza nyaraka mstaafu,
Pwani