Barua ya kufunga skuli: zile kompyuta za maandalizi

Assalaam alaykum wazazi wetu,

Ijumaa tunafunga, alhamdulillah muhula umekwisha salama. Ripoti mtapewa na walimu wa darasa, ya michango nshayasema mkutanoni sirudii. Leo nataka tuzungumze zile kompyuta mbili za watoto wa maandalizi, maana maneno yashakuwa mengi hapa Wete.

Tulipoanza tuliwavisha hedifoni, darasa likawa kimyaa, na mimi nikafurahi nikasema leo adabu ipo. Kumbe kosa langu. Wiki mbili mtoto anabonyeza tu, ukimuuliza umeona nini anakwambia "hiki", kidole kinaonesha mdomo hausemi. Kompyuta inasema lakini haikungoji ujibu, na mtoto mdogo lugha anaipata kwa kusema akajibiwa. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2003, watoto wa miezi 9 walokaa na mtu akiwasomea na kucheza nao kwa Kichina walizishika sauti za lugha ile, wenzao walooneshwa kwenye video tu hawakushika kitu.

Basi nikazivua hedifoni, watatu watatu kwa kompyuta moja, mausi moja. Sasa ndo kelele! Juzi imetoka picha ya epo, programu ikasema tufaha, mmoja kakataa kabisa, kasema tufaa sio hilo, la kwa bibi yake lina umbo la kengele, ndani jeupe, ukilitafuna majimaji matupu, mwenzake kasema hili la dukani limetoka Ulaya, wa tatu kauliza kwani huko hakuna mitufaa? Mwalimu kakaa pembeni anasikiliza tu. Na huyo wa tatu ndo yule wa "hiki".

Likizo hii simu ya baba isiwe yaya, jamani. Shirika la Afya Duniani tokea 2019 linasema mtoto wa miaka 2 mpaka 4 asipindukie saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ndo bora. Wenye karafuu, jioni mkichambua mkalisheni hapo hapo jamvini, muulizeni konyo lipi karafuu ipi, mtegeeni vitendawili, na akikawia kujibu msubirini, msimmalizie maneno (kina mama hapa mnanielewa).

Na yule mzazi alouliza hedifoni zimekwenda wapi, hazijaibiwa, zimo kabatini kwangu na ufunguo ninao mimi.

Wassalaam,
Mwalimu Mkuu