Benchi la kliniki litumike kufundisha malezi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe rai kwa wasimamizi wa kliniki za mama na mtoto katika Jiji la Tanga. Mama anayempeleka mwanawe kliniki hufika asubuhi, hukaa kwenye benchi akisubiri zamu, mtoto hupimwa uzito na kuchanjwa kama tarehe yake imefika, kadi hujazwa, kisha wote wawili hurejea nyumbani. Huduma hiyo ni njema na sina nia ya kuibeza. Ila katika muda wote ule wa kusubiri ni nadra kumsikia mzazi akiulizwa kama huzungumza na mtoto wake, kama hucheza naye, na mtoto akilia ni nani humwitikia na kwa namna gani.

Swali hilo si la pembeni. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8, imesimama juu ya mambo 5: afya bora, lishe ya kutosha, ulinzi na usalama, fursa za kujifunza mapema, na malezi yenye mwitikio. Manne ya kwanza mzazi wa kawaida anayaelewa hata pale anapokosa uwezo wa kuyatimiza. La tano hulisikia likitajwa likampita, ingawa maana yake si ngumu: mtoto hutoa ishara, kwa sauti, kwa jicho au kwa kidole, na mtu mzima aliye karibu huiona na kuijibu kwa wakati. Katika miaka 3 ya mwanzo, ambapo ubongo hukua kwa kasi kubwa, majibizano hayo humjengea mtoto lugha na kumpa hakika kwamba akiita ataitikiwa.

Pale soko la samaki la Deep Sea yupo mama mmoja mkaanga samaki ambaye huja na binti yake mdogo, asiyetimiza miaka 3. Mtoto hunyoosha kidole kwenye beseni na kuuliza, "Huyu?" Mama, mikono imejaa magamba, humtazama na kumjibu: "Tasi huyo, mwanangu, ana miiba, usimguse." "Na huyu?" "Huyo changu. Haya, changu ana rangi gani?" Mtoto hufikiri, hukosea, mama hucheka na kumsahihisha, kisha hurudi kwenye karai lake kabla mafuta hayajaungua, na mteja anayesubiri chenji hujikuta naye ameulizwa jina la samaki. Hakuna kitu cha kuchezea kilichonunuliwa wala kazi iliyosimama.

Mimi ninazihofia zaidi nyumba zenye nafasi. Humo mtoto hupewa simu ili ale, hupewa simu ili anyamaze, na bando likiisha ndipo hugundulika kuwa ana maneno machache kuliko wenzake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi kabisa mtoto wa chini ya miaka 2 kukaa mbele ya skrini, na kwa mwenye miaka 2 hadi 4 unataka isizidi saa 1 kwa siku. Katuni huzungumza mfululizo lakini haisubiri jibu. Wengine hudhani wamelimaliza suala hili kwa kumwandikisha mtoto wa miaka 3 katika chekechea inayompa kazi ya kuandika kila jioni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetaja haki ya kucheza na kupumzika pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, nami sioni haki hiyo inavyotimia kwa mtoto anayesinzia juu ya daftari.

Hatuanzi na mikono mitupu. Bibi wa pwani hategi kitendawili mpaka mjukuu aitikie "Tega!", na mjukuu akishindwa kukitegua hudaiwa mji, hivyo hana budi kusema kitu. Huo ni mwitikio uliokamilika, nao haugharimu hata shilingi.

Rai yangu ni kwamba siku za kliniki atengwe mhudumu mmoja, hata akiwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, akae na wazazi kwenye benchi kwa dakika 20, awaonyeshe kwa vitendo namna ya kuzungumza na mtoto asiyejua kusema bado na namna ya kucheza naye kwa vifuu, vifuniko vya chupa au kanga ya kujifichia uso. Hotuba haifai hapo. Mtoto apakatwe na mzazi wake, na mzazi ajaribu mwenyewe.

Baba naye aitwe. Leo mwanamume anayempeleka mtoto kupimwa uzito hutazamwa kama aliyepotea njia, ilhali wengi wao waliandamana na wake zao katika hudhurio la kwanza la ujauzito kwa sababu tu waliambiwa waje. Kwa walio bandarini na viwandani, ambao siku za kazi hawapati ruhusa, kliniki ya Jumamosi hata mara moja kwa mwezi ingewafaa.

Mzazi,
Chumbageni, Tanga