Je, nimsomee shangazi barua za baba yake?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nilifikishe jambo hili kwako na kwa wasomaji wenzangu, maana nyumbani tumeshindwa kuelewana.

Babu mzaa baba alikuwa askari wa mizinga katika Vita vya Pili vya Dunia. Meli waliyopanda Mombasa, Khedive Ismail, ilikuwa ikielekea Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Wajapani iliipiga topido karibu na Maldivi, ikazama na zaidi ya watu 1,200, wakiwemo mamia ya vijana wa Afrika Mashariki. Hayo nimeyasoma ukubwani. Nyumbani kilichofika ni karatasi moja tu ya serikali, kwamba amepotea baharini.

Shangazi yangu alizaliwa 1943, babu akiwa kambini. Hawakuonana hata siku moja. Sasa amevuka miaka 80, na tangu nimjue ana uchungu uleule: kwamba baba yake alipita na gari la moshi hapa hapa Ukambani akienda pwani, asijali hata kutuma salamu. Bibi alikufa akiamini vivyo hivyo.

Sasa, baba zetu wadogo walipokuwa wakibomoa nyumba ya marehemu baba yao, mdogo wake babu, walikuta barua ndani ya sanduku la bati. Zote ameandikiwa yeye, kupitia misheni, kwa kuwa wakati ule ndiye peke yake pale nyumbani aliyejua kusoma. Katika kila barua babu anamwomba amsomee bibi.

Zimeandikwa kwa penseli. Ukizitazama unajua treni ilipokuwa inakwenda na iliposimama: mistari kadhaa herufi zinarukaruka, halafu ghafla mwandiko unanyooka, halafu unaanza kuyumba tena. Mahali pengine maneno yamefutwa kwa wino mzito. Barua za askari zilikaguliwa na maofisa, na ilikuwa marufuku kutaja mahali, meli au siku ya safari.

Lakini moja haina muhuri wa ukaguzi. Ina stempu ya kawaida ya Kenya, Uganda na Tanganyika, nami nahisi babu alimpa raia fulani amtilie posta. Humo anasema watapelekwa Mombasa kwa reli, anataja usiku wenyewe, na kwamba treni itasimama Makindu kuchukua maji. Anamsihi mdogo wake amlete bibi na mtoto stesheni, waje na taa ili awaone upesi, ampakate mwanawe japo kwa kumpokea dirishani.

Inayofuata ameiandika baada ya Makindu. Anasema alisimama dirishani mpaka treni ikang'oa. Watu wenye taa walikuwepo, lakini wake hakuwaona. Halaumu mtu. Anauliza kama mtoto ni mgonjwa, na amepewa jina gani. Hapo nilishindwa kuendelea kusoma, nikaiweka chini.

Kwa nini babu mdogo hakusema? Huenda barua ilifika treni imeshapita. Tarehe kwenye muhuri wa posta haisomeki, na posta ya wakati wa vita ilichelewa sana. Huenda alikuwa kijana tu, akaogopa, kisha ilipokuja ile karatasi ya serikali akashindwa kabisa kufungua kinywa. Sitaki kumhukumu. Ndiye aliyemlipia baba yangu karo.

Wanawe wanasema tuziache barua zilale, tusimchafue marehemu asiyeweza kujitetea, wala tusimtoneshe mama mzee kidonda. Nawaelewa. Ila naona vigumu mtu aondoke duniani akidhani hakupendwa, na ushahidi kwamba alipendwa uko kabatini mwangu.

Shangazi haoni vizuri, kwa hiyo mimi ndiye nitakayemsomea. Nimefikiria kumsomea zile nyingine na kuiruka ya Makindu, lakini hiyo ndiyo inayoonyesha jinsi baba yake alivyotaka kumwona. Pia nimefikiria nimpeleke kwanza Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, ambako kuna mnara wa kuwakumbuka waliozama na Khedive Ismail, nimweleze pale. Nahofia safari na habari kama hiyo kwa pamoja vitamlemea.

Wazee na wote mliowahi kufikisha habari nzito kwa mtu wa umri huu, nisaidieni. Nimwambie peke yake, au nikiwa na wana wa babu mdogo hata kama hawajaridhia? Nianze na barua ipi? Na akiniuliza moja kwa moja kwa nini hawakupelekwa stesheni usiku ule, nimjibu nini?

Mjukuu,
Ukambani