Risala ya Klabu ya Kilimo na Mazingira kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Zao la Mpungate

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mkuu wa Shule na walimu wetu,
Wazazi, walezi na wageni waalikwa,
Wanafunzi wenzetu,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima wa kukutana siku ya leo, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako za mjini ukavuka maji hadi hapa Kigamboni kutusikiliza. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, bustani uliyotembezwa asubuhi hii ilianza kwa masimulizi ya mwanachama mwenzetu aliyetoka likizo Simanjiro baada ya ukame wa 2021 na 2022. Alitueleza jinsi watu wanne walivyokuwa wakimwinua ng'ombe wa babu yake kila asubuhi, wawili wakishika mkia na wawili wakishika pembe, na bado akishindwa kusimama. Mwalimu wetu mlezi alituuliza ni mmea gani unaweza kubaki na maji ndani yake wakati visima vimekauka, na katika kutafuta jibu tukafika kwenye mpungate, ambao wengine huuita dungusi kakati na ambao hapa Dar es Salaam wengi wetu tulikuwa tukiuona kama ua la kwenye kopo.

Mpungate unaolimwa, ambao wataalamu huuita Opuntia ficus-indica, asili yake ni Mexico. Kile tunachokiita jani lake kwa kweli ni shina lililokaa kama bapa, na kiasi cha asilimia 85 hadi 90 ya bapa hilo ni maji. Siri yake ni kwamba hufungua vinyweleo vyake usiku, hewa ikiwa na ubaridi, ukavuta kabonidayoksaidi na kuihifadhi kama asidi, kisha mchana ukavifunga na kuitumia asidi hiyo kutengeneza chakula kwa nguvu ya jua bila kupoteza maji mengi. Tulitaka kuliona jambo hili kwa macho yetu. Wenzetu wa bweni walikata kipande cha bapa saa 12 alfajiri, na kingine kwenye mmea uleule saa 11 jioni, tukavitwanga, tukachuja maji yake na kuyapima maabara. Maji ya alfajiri yalihitaji matone mengi zaidi ya alikali kabla uchachu wake haujaisha, na hata ulimi peke yake ulitambua tofauti. Tangu siku hiyo hakuna mwanachama aliyehitaji kukaririshwa somo hilo.

Kilimo chenyewe hakikutuendea vizuri mwanzoni, na tunaona ni haki ukalisikia hilo pia. Tulipanda mabapa 24 siku ileile yalipokatwa, mwezi Machi, kwenye shamba tambarare, tukayamwagilia kila jioni kama mchicha. Masika ilipokolea, yalianza kugeuka rangi ya chai kuanzia chini, yakalainika, na ukiyagusa yalitoa maji yenye harufu mbaya. Yalipona 5 tu. Baadaye tulijifunza kwamba bapa lililokatwa lina kidonda, nalo hulazwa kivulini wiki mbili hadi nne mpaka kidonda kikauke ndipo lipandwe, na kwamba mmea huu unaostahimili kiu hauwezi kustahimili mizizi iliyolowa. Mara ya pili tuliyaanika kwenye varanda ya darasa, tukainua matuta ya mchanga, tukafukia sehemu ya chini ya kila bapa na tukaacha kumwagilia. Hayo ndiyo uliyoyaona. Tunakiri pia kwamba Dar es Salaam, yenye mvua nyingi na unyevu wa bahari, si mahali pa zao hili. Mahali pake ni Dodoma, Singida, Simanjiro na Longido, na shamba letu ni darasa tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba usikivu wako kwa jambo lililotufanya tuandike risala hii. Yupo mdudu aitwaye kochinili, wa jamii ya karibu na kidung'ata anayeshambulia mihogo. Jike lake hujibandika juu ya bapa, halisogei, hujifunika utando mweupe kama pamba na kufyonza utomvu mpaka bapa linanyauka. Ukimponda kwa kidole hutoa rangi nyekundu iliyoiva, ileile inayotiwa kwenye vyakula na rangi za midomo. Huko Tigray, Ethiopia, watu wamekula tunda la mpungate, wanaloliita beles, kwa vizazi kadhaa, na katika miezi ya njaa ndilo linalowavusha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mdudu huyu aliletwa huko kwa nia njema ya biashara ya rangi. Akatoroka mikononi mwa watu, akaenea mashambani na kukausha mimea iliyokuwa ikilisha familia na mifugo. Morocco nayo ilivamiwa na kochinili wa aina nyingine mwaka 2014, uzio wa mpungate uliozunguka vijiji ukafa, na watafiti wake wakalazimika kutafuta aina za mpungate zinazomhimili.

Lakini hapa jirani, Laikipia nchini Kenya, habari ni kinyume. Huko mpungate wa mwituni, Opuntia stricta, umemeza malisho. Tembo na nyani hula matunda yake na kusambaza mbegu, na vimiiba vyake huumiza midomo na fizi za mbuzi. Mwaka 2014 watafiti walimwachia kochinili aliyechaguliwa kwa sababu hustawi juu ya mpungate huo, naye akaanza kuupunguza. Mdudu wa ukoo mmoja, basi, ni janga Tigray na ni mkombozi Laikipia. Kwa hiyo mtu anayesema mpungate ni zao na anayesema ni gugu wote wana haki, kutegemea ni aina gani, umepandwa wapi, na nani anauangalia. Sisi tunaamini nchi yetu isigawe hata bapa moja kwa wafugaji kabla ya maswali hayo kujibiwa na utafiti. Aina isiyo na miiba ipandwe kwa mabapa na si kwa mbegu, kwa kuwa miche ya mbegu inaweza kurudisha miiba, na kila bapa likaguliwe, kwani mdudu huyu husafiri nalo.

Kuhusu matumizi, tuliyachuna mabapa machanga, tukayakatakata na kuyapika kwa nyanya na vitunguu. Yana utelezi kama bamia, na dada mmoja kutoka Kondoa alipoonja na ugali alisema, "Huu si mlenda?" Kwa mifugo, mpungate hutoa maji na nguvu lakini protini yake ni kidogo, na ukilishwa peke yake huwaharisha wanyama, hivyo huchanganywa na mabua makavu na chakula chenye protini. Mashudu ya alizeti, ambayo Singida na Dodoma wanayo, yangefaa kujaribiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunayo maombi matatu. Kwanza, utusaidie kufikisha ripoti yetu kwa watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI) kituo cha Mpwapwa, watuambie tulipokosea na, wakiona inafaa, wajaribu mchanganyiko huo kwa mbuzi wao. Pili, utuombee mkaguzi kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu aje kuikagua mimea yetu, maana wazazi watatu wameshaomba mabapa ya kupeleka vijijini nasi tumewanyima mpaka ikaguliwe. Tatu, tunahitaji uzio wa waya wa mita 60, kwa sababu mpungate usio na miiba hauna wa kuulinda, na mbuzi wa mtaani wamekwisha kuingia mara mbili.

Mezani kwako tumeweka sahani yenye matunda manne, yote tuliyopata msimu huu. Tumekwisha kuyaviringisha mchangani na kuyaosha, ili vimiiba vidogo visikuchome. Tunakuomba uyaonje kabla hujatujibu.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama