Udongo uliokijenga kiwanda cha Stewartby ndio uliokifunga

Ndugu Mhariri,

Nawaandikia wafyatuaji wa matofali ya kuchoma wanaotaka kuachana na tanuri la kuni wajenge la kudumu. Kabla ya kununua mashine, watazame yaliyoikuta Stewartby, mkoani Bedfordshire, Uingereza.

Miaka ya 1930 kiwanda kile kilifyatua matofali milioni 500 kwa mwaka, na hakuna kilichokizidi duniani. Siri ilikuwa udongo. Umejaa mabaki ya viumbe vya bahari ya kale, nayo huwaka: tofali likishashika moto hujichoma lenyewe, na makaa ya mawe hupungua mno. Unyevu wake nao ulitosha. Ulisagwa, ukashindiliwa kwa mashine, na tofali bichi likaingia tanurini bila kuanikwa.

Tanuri lilikuwa la Hoffmann, lililobuniwa Ujerumani mwaka 1858. Vyumba hupangwa kwa mzunguko. Matofali hukaa, moto ndio unaotembea. Makaa hudondoshwa kidogo kidogo kwenye matundu ya paa. Hewa huanzia chumba kilichokwisha kuiva, ikachukua joto lake, na moshi hukausha matofali mabichi ya mbele. Ni ufundi wa kupendeza kweli.

Lakini udongo wenye kitu cha kuwaka ndani yake hautaki haraka. Moto ukipandishwa upesi, ngozi ya tofali huziba kabla ya ndani kuungua. Ukilivunja unakuta moyo mweusi, pengine limevimba.

Kubwa zaidi ni salfa. Imo udongoni ndani ya pairaiti, chembe zinazong'aa kama shaba ya manjano, na ikiungua hutoka na moshi. Dohani ndefu haiiondoi, huisambaza tu. Sheria za hewa zilipokazwa, wenye kiwanda walishindwa kufikia kiwango, wakafunga mwaka 2008. Mwaka 2021 dohani zilizobaki zikaangushwa.

Salfa nyingine hubaki ndani ya tofali kama chumvi. Ukuta ukikaa na maji, chumvi hiyo hushambulia saruji ya viungo, ikavimba na kupasuka. Tofali la namna hiyo lisiwekwe kwenye msingi wenye unyevu kwa saruji ya kawaida.

Basi chimbeni sampuli kila tabaka, si juu tu, kwa sababu tabaka hutofautiana. Maabara ipime kaboni, yaani ile sehemu inayowaka, na salfa, kila moja peke yake. Kisha chomeni matofali machache ya majaribio, myavunje katikati, na mengine myaloweshe na kuyaanika mara kadhaa mwone kama unga mweupe wa chumvi unatoka.

Mfuatiliaji wa ufundi wa matofali