Mwacheni mgonjwa wa warfarini na mtindi wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ushauri ambao wagonjwa wengi hupewa kwa mdomo, na ambao ndugu zao huusambaza kwa simu, kwamba mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda aache kabisa vyakula vyote vilivyochachuliwa. Ninaandika nikiwa na uchungu, kwa sababu ushauri huo, ambao bila shaka ulitolewa kwa nia njema, ulikaribia kuniondolea mama yangu mzazi.

Mama anaishi kijijini, mkoani Iringa. Aliwekewa vali bandia ya chuma baada ya vali yake ya moyo kuharibiwa na homa ya baridi yabisi aliyoipata utotoni, na tangu wakati huo humeza warfarini, ambayo ndiyo dawa hiyo ya kuzuia damu kuganda, kila jioni saa mbili, na kipimo chake cha INR, yaani kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kinatakiwa kisimame kati ya 2.5 na 3.5. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akinywa kikombe cha mtindi asubuhi, togwa mchana, na mboga za majani usiku. Mwaka jana, katika kliniki moja, wagonjwa waliokuwa wakisubiri kwenye benchi waliambiwa kwa pamoja kwamba majani na vitu vilivyochacha ni sumu kwao. Mama ni mtu wa kutii. Alirudi nyumbani, akakigawa kibuyu cha mtindi kwa majirani, akaacha na mchicha, na kwa wiki sita akala ugali kwa maharage na chai ya rangi, huku dozi ya dawa ikibaki ile ile. Siku moja dada yangu alimkuta akisukutua maji ya chumvi, na maji aliyoyatema kwenye beseni yalikuwa mekundu. Mapajani alikuwa na mavilio ya damu makubwa kama viganja, na hakuwa ameanguka wala kugongwa popote. Tulipompeleka kupima, INR ilikuwa imepita 6.

Jambo lililotokea linaeleweka ukijua dawa hii inavyofanya kazi. Ini hutumia vitamini K kukamilisha protini zinazoifanya damu igande, na warfarini huzuia mwili usiitumie vitamini hiyo upya baada ya kutumika mara moja. Kwa hiyo dozi ya mgonjwa hupangwa kulingana na vitamini K anayoila kila siku. Akiikata ghafla, dozi iliyokuwa sahihi jana inakuwa kubwa mno leo, na damu inavuja. Akiiongeza ghafla, dozi ile ile inakuwa ndogo, na kwa mwenye vali ya chuma, bonge la damu linaweza kuganda kwenye vali au kukimbilia ubongoni na kuleta kiharusi. Kinachotakiwa ni kula kwa kiasi kinachofanana wiki hata wiki.

Sasa, je, vyakula vyetu vya kuchachua vina vitamini K ya kutisha? Kuna chakula kimoja cha kuchachua ambacho mtumiaji wa warfarini anapaswa kweli kukiepuka, nacho ni natto ya Wajapani, yaani soya iliyochachushwa na bakteria aina ya Bacillus subtilis. Gramu 100 za natto huwa na takriban mikrogramu 1,000 za vitamini K2, ya aina inayokaa mwilini kwa siku nyingi, na hata sahani moja inaweza kuivuruga INR. Onyo hilo ni la haki huko Japani, na ni la haki pia kwa yeyote anayenunua vidonge au unga wa natto unaouzwa siku hizi kama dawa ya moyo. Mtindi na togwa haviko katika kundi hilo. Huchachushwa na bakteria wengine, na vitamini K iliyomo katika kikombe cha mtindi ni ndogo sana ukiilinganisha na ile iliyomo katika sahani ya mchicha au majani ya maboga. Nashuku kwamba onyo la natto lilivuka bahari bila jina lake, likafika kwetu likiwa limevikwa jina la chakula chochote kilichochacha.

Sisemi kwamba vyakula hivi havina hatari yoyote. Kuna mambo mawili ambayo natamani wahudumu wayaseme kwa sauti kubwa kuliko habari ya togwa.

La kwanza ni maziwa mabichi. Vijijini kwetu wengi hugandisha maziwa bila kuyachemsha, wakiamini kwamba ukali wa mtindi huua kila kitu, lakini ukali huo si kinga ya kutegemewa dhidi ya bakteria wa brusela, wanaoleta homa ya brusela. Mtu akiugua homa hiyo, mara nyingi hutibiwa kwa antibiotiki za doksisaiklini pamoja na rifampisini, na rifampisini hulifanya ini liivunje warfarini haraka mno, kiasi kwamba mgonjwa anaendelea kumeza vidonge vyake kila jioni akidhani analindwa, kumbe hana kinga. Na kama dozi ya warfarini iliongezwa wakati wa tiba, tiba ikiisha na dozi isipunguzwe, hatari inageuka na kuwa ya kuvuja damu. Maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yatiwe mtindi wa mbegu.

La pili ni pombe. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, nao umechachuka, na msimu wake ukifika huku kwetu, mtu ambaye miezi mingi hakuonja kitu anaweza kunywa siku nzima. Pombe nyingi kwa mkupuo huipandisha INR, na mlevi akianguka na kugonga kichwa huku damu yake haigandi, hapo hakuna mzaha. Togwa iliyolala siku mbili tatu nayo huanza kuwa kilevi, jambo ambalo kila mama wa Iringa analijua kwa harufu tu. Mama yangu huinywa ikingali tamu.

Tena msimu wenyewe ni jambo la kuuliza. Masika mboga za majani zimejaa shambani na watu huzila mchana na usiku. Kiangazi zikikauka, kitoweo kinakuwa maharage na dagaa. Sijawahi kumsikia mhudumu akimuuliza mgonjwa, “Mwezi huu mnakula mboga gani nyumbani?” Swali hilo moja lingeeleza mengi kuhusu INR zinazopanda na kushuka.

Niongeze, kwa kuwa wapo watakaojiuliza, kwamba dawa mpya kama rivaroxaban na apixaban hazitegemei vitamini K, hivyo mtumiaji wake hana haja ya kuhesabu mboga, ingawa pombe na rifampisini zinamhusu vile vile. Lakini mwenye vali ya chuma habadilishiwi kwenda kwenye dawa hizo. Yeye anabaki na warfarini, na mtu asithubutu kumshauri vinginevyo kwa kuwa tu ameona jirani amepewa.

Mama alisimamishiwa dawa kwa siku chache, akapewa vipimo vya karibu karibu, kisha daktari kijana mmoja akakaa naye chini akamuuliza anakula nini tangu Jumatatu hadi Jumapili. Alimrudishia mtindi na mchicha kidogo kidogo huku akipima damu. Sasa ana daftari dogo la shule ambamo mjukuu wake huandika dozi, INR, na idadi ya siku alizokula majani katika wiki.

Ombi langu kwa wanaosimamia kliniki za moyo ni kwamba ushauri wa chakula uandikwe kwenye kadi ya mgonjwa, kwa Kiswahili, ukitaja vyakula kwa majina tunayovijua sisi, na pembeni ziwekwe dalili za kumkimbiza mgonjwa hospitali usiku huo huo: fizi zinazovuja bila kukoma, mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, kichwa kinachouma ghafla kuliko kawaida, au upande mmoja wa mwili kulegea.

Msomaji wako,
Iringa