Rubani mpya, uliza beisi kwanza, ndege baadaye

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua niongee na vijana wetu wanaoanza kazi ya urubani, na wazazi wao pia, maana mara nyingi wazazi ndo wenye sauti kubwa kwenye hili.

Kila mwaka kabla ya Juni, msimu wa watalii haujachanganya, kampuni za ndege ndogo hapa Arusha na kule Dar zinachukua marubani wapya na naona jambo lilelile. Kijana ana leseni ya biashara, saa 200 na kidogo za kuruka, ukoo umeuza kiwanja ili asome, anapata ofa ya kurusha Caravan, ndege ndogo ya injini moja, halafu nyumbani wanamwambia hapana mwanetu, wewe subiri Airbus. Basi anasubiri, saa zinabaki palepale, leseni na cheti cha afya vinadai hela ya kuhuisha, na kampuni kubwa ikitangaza nafasi anakuta wanataka uzoefu ambao angekuwa ameshaupata zamani.

Jamani, Caravan ni ndege ya kazi. Injini yake ni tabaini (turbine), inabeba abiria kama 12, inaruhusiwa kurushwa na rubani mmoja, maana yake kijana akishafundishwa na kupita anakuwa kepteni mwenyewe, hakuna wa kumwamulia. Ndo yeye anasimama juani anapima mabegi, hayo ya kilo 15 kwa kila mgeni, na begi likizidi ni yeye wa kusema hili linabaki hata kama mgeni amekunja uso. Uwanja wa Manyara uko juu kabisa ya ukingo wa Bonde la Ufa, zaidi ya futi 4,000 kutoka usawa wa bahari, saa saba mchana hewa imepata joto imekuwa nyepesi, ndege imejaa, inakimbia tu barabarani haitaki kunyanyuka mapema kama ilivyofanya asubuhi. Hesabu ile aliifanya nani? Yeye. Seronera, kule Serengeti, anapita kwanza chini aangalie kama kuna nyumbu kwenye changarawe ndo azunguke aje kutua. Rubani aliyepita huko nikimkuta baadaye kwenye ATR, ndege kubwa zaidi ya marubani wawili, namjua tu kwa anavyokagua uzito.

Ila sasa kuna jambo ambalo vijana hawaambiwi, nalo ni beisi, yaani kituo unachopangiwa kukaa na kuanzia safari zako. Wote wanauliza "ndege gani?" wakati swali la kwanza lilitakiwa liwe "nitakaa wapi?", kwasababu beisi ndo inaamua ni saa za aina gani zinaingia kwenye logibuku yako, daftari la kuandikia saa za kuruka. Leseni kubwa ya urubani wa mashirika, kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inataka saa 1,500, na ndani yake kuna saa 250 za ukepteni, au 500 kama ni ukepteni wa chini ya uangalizi, na saa 100 za usiku. Hizo za usiku ndo zinawakamata watu! Ukiwa Arusha kazi yako ni mbugani, na viwanja vya mbugani havina taa, jua likizama ndege lazima iwe chini. Unaweza ukajaza saa kibao za ukepteni safari za saa nzima mpaka Serengeti na vituo viwili vitatu njiani, halafu ukifika 1,500 unakuta za usiku ni zile tu ulizotoka nazo shule. Mwenzako wa Dar anaruka Zanzibar jioni, viwanja vyote viwili vina taa, anazipata taratibu. Lakini na yeye ana yake, Dar kwenda Zanzibar ni dakika 20, anatua mara nyingi kwa siku ila saa zinapanda polepole, mpaka apangiwe Mafia au Kilwa au Songo Songo ndo anapumua kidogo. Mimi ningemshauri kijana aanzie Arusha ajenge ukepteni, kisha aombe kuhamia pwani kabla hajafika saa 1,000, na aombe mapema maana foleni ipo.

Swali la pili ni kiti. Kampuni nyingine zinaweka marubani wawili kwenye Caravan kwa vile mawakala wa watalii wanataka hivyo. Ni salama zaidi na mimi naunga mkono, lakini saa za kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kwenye ndege ya rubani mmoja mara nyingi hazihesabiwi zote. Hata pale ambapo nchi yenyewe imeagiza wawepo wawili, kwa kawaida ICAO inakubali zisizidi nusu, kwahiyo nenda TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, uulize kabla hujakaa kwenye kiti hicho miaka miwili. Kwenye ATR au mwenzake Q400 ni tofauti, zile ni za marubani wawili tangu zinatengenezwa, saa zako za kulia zinaingia zote, ila ukepteni huupati mpaka siku wakupandishe.

Na hao wanaosubiri ndege kubwa wakumbuke kwamba ukishafungwa na aina moja ya ndege, ikikaa chini na wewe unakaa. Machi 2019 Boeing 737 MAX zilisimamishwa dunia nzima. Hata hapa kwetu 2022 Air Tanzania iliegesha baadhi ya ndege zake za Airbus A220 kwa matatizo ya injini yaliyotoka kwa mtengenezaji, rubani hana kosa lolote lakini haruki.

Mwisho niseme na waajiri, kwa heshima. Kuna kijana namfahamu vizuri, aliambiwa kwa mdomo beisi ni Arusha, akalipa kodi ya miezi sita Kisongo, siku ya kuripoti akaambiwa kalamu hii hapa, saini bondi, kesho uko Dar. Bondi ya miaka, akiondoka anadaiwa gharama zote za mafunzo. Atafanyaje na hela ya kodi imeshaenda? Alisaini. Siipingi bondi, kufundisha rubani ni gharama, ila beisi, kiti na namna saa zitakavyoandikwa viwekwe kwenye barua ya ajira yenyewe, na kijana apewe walau wiki moja ya kuipeleka nyumbani akaisome na wazee wake kabla hajashika kalamu.

Kepteni wa Caravan,
Arusha